Mia tano na Rory: miaka 14 ya kubeti gofu na marafiki

Saa nane ilikuwa imepita usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 14 Aprili 2025 nilipopiga ukelele uliomwamsha mtoto wa Mwalimu, rafiki yetu ambaye kwake tulikuwa tunatazama shindano la gofu la Masters. Kwenye runinga, mcheza gofu Rory McIlroy alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi za Augusta, Marekani, analia. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kochi la watu, nalia pia. Nimemngoja mtu huyu tangu 2011. Tangu hapo mmeniandikia wengi mkiuliza kikundi chetu kinaendeshwaje na mnaweza kuanzishaje chenu, kwa hiyo leo naeleza.

Tuko sita. Kila mmoja hutoa shilingi mia tano kabla ya shindano, na tunacheza yale manne makubwa ya gofu (Masters, PGA, US Open na The Open) pamoja na Kenya Open. Tunaandika namba kwenye vikaratasi, tunavitia ndani ya kofia ya Mwalimu na kila mtu anavuta chake. Aliyepata moja huchagua mchezaji wa kwanza, na zamu inazunguka hadi kila mtu awe na wachezaji wanne. Mikwaju ya wanne hao kwa siku nne ndiyo hesabu yako, na mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Mchezaji wako akitolewa kwenye mchujo wa Ijumaa, tunamwandikia mikwaju 80 kwa kila raundi ambayo hatacheza. Mwenye bingwa hupunguziwa mikwaju mitano. Atakayeshika mkia atapika chakula cha Jumapili ya shindano linalofuata. Ni hayo tu. Msiongeze sheria.

Mwaka 2011 tulikuwa tunacheza Masters peke yake. Nilivuta namba nzuri, nikamchukua kijana wa miaka 21 kutoka Ireland ya Kaskazini ambaye wenzangu hawakumtilia maanani. Hadi Jumamosi jioni alikuwa anaongoza kwa mikwaju minne. Nilishapanga pesa zile nitazifanyia nini. Jumapili, kwenye shimo la 10, mpira wake ukaenda kushoto kabisa, katikati ya nyumba ndogo za wageni ambazo sikuwa nimewahi kuziona kwenye runinga. Akamaliza shimo hilo kwa mikwaju saba na siku nzima kwa 80. Charl Schwartzel wa Afrika Kusini akapata birdie nne mfululizo, yaani kila shimo kwa mkwaju mmoja pungufu ya kiwango, kwenye mashimo manne ya mwisho, akavaa koti la kijani la bingwa. Shemeji yangu aliyekuwa na Schwartzel alinizungusha sebuleni kwa ngoma. Miezi miwili baadaye McIlroy akashinda US Open kwa tofauti ya mikwaju minane, na sisi hatukuwa tumeweka hata shilingi. Hilo liliniuma kuliko lile la kwanza.

Mwaka 2014 alishinda The Open, kisha PGA. Mara zote mbili Mwalimu alivuta namba moja, akamchukua mbele ya macho yangu huku akinitazama. Baada ya hapo ikaja karibu miaka kumi na moja bila taji kubwa, na miaka hiyo alikuwa wangu kila nilipopata nafasi ya kumchagua. Walinicheka. Waliniita mjane wa Rory.

Sasa niseme lile ambalo sijawahi kuliandika hapa. Julai 2022, The Open ilipochezwa kwa mara ya 150 tangu shindano lianzishwe, safari hiyo St Andrews, Scotland, McIlroy aliingia siku ya mwisho akiongoza pamoja na Viktor Hovland. Mia tano zangu zilikuwa kwenye kofia kama kawaida. Lakini nilikuwa na programu ya kubeti kwenye simu, na kimyakimya nikaweka shilingi 18,000. Zilikuwa za kodi ya nyumba. Jumapili ile niliwaambia wenzangu naumwa. Nikakaa chumbani peke yangu na simu, pazia limefungwa. McIlroy hakukosea popote, ila kila mpira aliousukuma ulipita pembeni ya shimo. Cameron Smith akapiga 64, akampita yeye na kila mtu. Sikuwa na wa kumwambia. Mwalimu alinitumia ujumbe: "Pole mjane, tumekuwekea wali." Sikuujibu kwa siku tatu. Mke wangu aliijua habari ya kodi mwezi uliofuata, kutoka kwa mwenye nyumba.

Ndiyo maana nawaambia, ndugu zangu: chezeni na watu mnaowajua, kwa pesa ambayo ikipotea hamtaiwaza kesho. Simu haitakuwekea wali. Simu haikumbuki kwamba wewe ndiye uliyekuwa na kijana wa Ireland ya Kaskazini mwaka 2011. Niliifuta ile programu na sijairudia. Na wewe ambaye umeweka dau leo asubuhi ukiwa kwenye matatu, ukalificha hata kwa mkeo, nakuomba uifute pia. Mia tano ya pamoja inatosha kabisa kukufanya ushike kichwa kwa mpira wa mtu usiyewahi kukutana naye.

Pesa ilipwe kabla ya Alhamisi. Tulikuwa na mwenzetu wa saba, tuliyesoma naye shule moja, aliyekuwa akitunza mchango wetu. Alikaa na elfu tatu na mia tano za watu kwa miezi minne. Alipoulizwa, alisema tunamdharau, akaondoka. Bado sisalimiani naye vizuri, na simfurahii mtu anayeniambia ni pesa kidogo. Leo kila mtu hutuma kwa M-Pesa kwenye simu ya dada yetu mmoja asiyecheza, na ambaye hajatuma kufikia Jumatano usiku hachagui. Lipeni kabla ya Alhamisi.

Kuhusu kuchagua, siwezi kuwadanganya kwamba nina siri. Kwa Masters, msichukue mtu anayecheza pale kwa mara ya kwanza, hata awe moto namna gani. Wa mwisho kushinda akiwa mgeni ni Fuzzy Zoeller, mwaka 1979. Kwa Kenya Open, mimi hutazama kwanza Waafrika Kusini. Justin Harding alishinda kwenye uwanja wa Karen mwaka 2021, Jacques Kruyswijk akashinda Muthaiga Februari 2025. Nadhani waliozoea kucheza Johannesburg wanajua mpira unavyoruka mbali kwenye hewa nyepesi kama ya Nairobi. Na mwende uwanjani wenyewe. Marehemu baba yangu alikata nyasi za gofu maisha yake yote, na alinifundisha kwamba mchezaji anajulikana kwa mwendo wake akitoka kwenye shimo baya.

Turudi Augusta. Rory aliharibu shimo la kwanza Jumapili. Akafika la 13, akautumbukiza mpira kwenye kijito akiwa si mbali na grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo. Niliingia jikoni, sikutaka kuona. Mwalimu alikuwa na Justin Rose, aliyemchukua karibu mwisho kabisa wakati sisi wote tumemsahau, na Rose alipata birdie kumi siku hiyo. Kwenye shimo la 18 Rory akakosa kusukuma mpira mfupi ambao ungemaliza kazi. Wakalingana. Tulipopiga hesabu, Mwalimu alikuwa mbele yangu kwa mikwaju mitatu, kwa sababu Brooks Koepka wangu alitolewa Ijumaa. Kwa hiyo ile mitano ya bingwa ndiyo ingeamua. Hakuna aliyeongea. Wali ulikuwa umepoa kwenye sinia.

Wakarudia la 18 ili bingwa apatikane. Rory akauweka mpira karibu na shimo, akausukuma ndani.

Mwalimu alinikumbatia kabla sijamaliza kupiga kelele. Akasema, "Eda imekwisha, mjane." Kisha akaenda kumbembeleza mtoto alale.

PGA ya 2025 ilianza kwenye uwanja wa Quail Hollow, Marekani, tarehe 15 Mei. Mia tano yangu nilituma mapema, na shemeji, aliyeshika mkia kwenye Masters ile, alituahidi mbuzi.