Maswali Yenu: Mmulimuli, sanamaki na jamaa zao

Barua nyingi za toleo hili zinahusu mmulimuli, mti wa misitu ya miyombo wenye maua ya manjano. Wasukuma na Wanyamwezi huuita mlundalunda, na kwa jina la kitaalamu ni Cassia abbreviata. Wataalamu wetu wa mimea na dawa wanajibu.

Nilinunua magome sokoni nikaambiwa ni ya mkundekunde. Jirani anasema nimeuziwa mti mwingine. Nitautambuaje mmulimuli wenyewe? — Msomaji, Tabora

Jirani yako huenda yuko sahihi. Majina mkundekunde na mbaraka hupewa miti kadhaa ya jamaa moja, kwa hiyo muuzaji anaweza kusema kweli na bado wewe ukaondoka na kitu usichokitaka. Gome likishakatwakatwa na kukauka, jicho peke yake halitoshi kulitofautisha na jingine, na likisagwa kuwa unga ndiyo kabisa. Mwombe muuzaji akuletee ganda la mbegu na tawi lenye majani kutoka mti uleule, au uende naye porini.

Anza na ganda. La mmulimuli ni refu na la mviringo kama fimbo, kati ya sentimita 30 na 90, linaning'inia. Likiwa changa lina manyoya laini, likikomaa huwa kahawia iliyokolea. Ndani mna mbegu zilizozama katika nyama inayonata. Gome la shina ni jeusijeusi na lenye mipasuko. Maua hutoka kuanzia Agosti hadi Novemba, kabla ya majani au pamoja na majani machanga, na yana harufu nzuri. Chukua ua moja ulitazame kwa karibu: kati ya stameni zake (nyuzi zenye chavua), tatu za upande wa chini ni ndefu kuliko nyingine na zimejipinda. Hiyo ndiyo alama ya Cassia halisi.

Sasa jamaa wanaochanganywa nao. Mjohoro, ule unaopandwa kando ya barabara, una maganda bapa ya sentimita 15 hadi 30. Senna singueana ni kijiti cha porini ambacho ganda lake limebanwabanwa kati ya mbegu na mbegu, na kila jozi ya vijani ina kitezi kidogo katikati. Mmulimuli hauna vitezi hivyo. Cassia fistula, mti wa bustani kutoka Asia ambao Waarabu wa Oman na Ghuba huuita khiyar shambar, una gome laini la kijivu na mikufu mirefu ya maua inayoning'inia.

Uwe mwangalifu na vitabu vya zamani. Hadi mwaka 1982 mjohoro na sanamaki, mmea wa dawa ya kukosa choo, viliwekwa ndani ya jenasi (kundi la mimea ya karibu) ya Cassia. Mwaka huo wataalamu wa mimea Irwin na Barneby waliigawa, na mimea mingi ikahamia Senna. Kitabu cha kabla ya hapo kinachoandika "Cassia" kinaweza kuwa kinazungumzia mmea mwingine kabisa.

Miti iliyo karibu na kijiji chetu inakauka baada ya watu kubandua magome. Je, ipo namna ya kuvuna bila kuiua? — Msomaji, Shinyanga

Ipo, na tunaomba muifuate, maana mti huu haukui haraka.

Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia tabaka la ndani la gome. Ukibandua gome kuzunguka shina lote, hata kwa upana wa viganja viwili tu, mizizi hukosa chakula. Mti unaweza kuendelea kuwa na majani kwa muda, ndiyo maana mvunaji haoni kosa lake siku ileile, lakini mizizi ikimaliza akiba mti hufa.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kutogusa shina. Kata tawi moja au mawili kwa msumeno, karibu na linapoanzia lakini bila kujeruhi shina, kisha bandua gome lote la tawi hilo. Hakuna kinachopotea na mti unaendelea.

Kama ni lazima gome la shina, chagua mti wenye kipenyo kisichopungua sentimita 20 usawa wa kifua. Kwa panga kali kata mstari wa juu na wa chini kwanza, ndipo upasue kingo za pembeni. Ukianza kuvuta kabla ya kukata juu, gome litachanika kupanda hadi kwenye matawi. Ukanda usizidi upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 50, na jumla ya ulichobandua isizidi robo ya mzunguko wa shina. Ukishatoa gome utaona uso wenye majimaji, unaoteleza. Usiukwangue! Hilo ndilo tabaka linaloota gome jipya. Jua kali likilikausha, nalo hufa, kwa hiyo vuna upande wenye kivuli, wakati wa mvua, asubuhi au jioni. Usirudi kwenye mti huo mpaka midomo ya jeraha iwe imejikunja na kukutana.

Mizizi: chukua ya pembeni tu, umbali wa zaidi ya mita moja kutoka shinani, kisha fukia shimo. Mzizi mkuu usiguswe. Na kama mti uko ndani ya hifadhi ya msitu, pata kibali kwanza. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inahesabu magome na mizizi kuwa mazao ya msitu.

Baada ya kuvuna, kata vipande vya sentimita 2 au 3, uvitandaze kivulini juu ya kichanja chenye kupitisha hewa, uvigeuze kila siku. Gome lililokauka sawasawa huvunjika kwa sauti. Linalopinda bado lina maji na litaota ukungu. Lililoota ukungu hutupwa, haliokolewi kwa kuanikwa tena. Hifadhi katika mfuko wa karatasi au gunia safi lenye tarehe na jina la mahali, mbali na mbolea na dawa za wadudu.

Mama mkwe wangu huchemsha gome la mmulimuli kwa maumivu ya tumbo. Wengine husema ni dawa ya kuharisha, wengine ya kukosa choo. Ipi ni kweli? Na mjamzito anaweza kunywa? — Mama, Dodoma

Nianze na la mwisho: hapana, mjamzito asinywe, na anayenyonyesha asinywe, na mtoto asipewe.

Matumizi yote mawili yapo kweli. Gome lina tanini, ambazo hukaza na kupunguza kuharisha, na pia lina viini vya jamii ya antrakwinoni, ambavyo husukuma utumbo. Kipi kitashinda hutegemea mti, sehemu iliyochukuliwa, muda wa kuchemsha na kiasi cha dawa. Kwa sababu hiyo ndugu wawili wanaweza kunywa "dawa ileile" wakapata matokeo yanayopingana. Toka Tanzania hadi Zambia, Zimbabwe na Botswana, watu huutumia pia kwa homa, bilharzia, maumivu ya mgongo na magonjwa ya zinaa, lakini kutumiwa na wengi hakujatupa kipimo kilichothibitishwa kwa binadamu. Kwa hiyo hatutakuandikia idadi ya vijiko.

Tunachoweza kumshauri mama mkwe wako ni haya. Apime gome kwa mizani ya jikoni, asitumie konzi, kwa sababu unga laini na vipande vikubwa vya ujazo uleule havina uzito sawa. Aandike gramu, maji na tarehe, asichanganye magome ya miti tofauti. Achemshe kwenye chungu cha udongo au sufuria isiyoshika kutu, kwa dakika 15 hadi 20, ikiwa imefunikwa, halafu achuje kwa kitambaa. Sufuria ya chuma haifai: tanini hukutana na chuma na dawa hugeuka nyeusi yenye ubuluu. Iliyobaki imwagwe siku hiyohiyo.

Asiendelee zaidi ya siku tatu. Damu kwenye choo, tumbo gumu, kutapika mfululizo au homa vinampeleka hospitali moja kwa moja. Homa ipimwe malaria kwanza. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 daktari O'Sullivan-Beare, makamu wa konseli wa Uingereza Pemba, aliusifia mti huu kwa homa ya mkojo mweusi, ambayo ni tatizo kali la malaria, na spishi yake ndogo beareana ikapewa jina lake. Sifa hiyo si kipimo cha damu. Anayetumia ARV, dawa za kisukari au za shinikizo la damu amweleze mhudumu wake kabla ya kunywa, na mganga awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Mbegu za mwingajini zinakaangwa kama kahawa kwetu. Je, zina madhara? — Msomaji, Tanga

Ziacheni, hasa penye watoto. Mwingajini, au mnuka uvundo, ni Senna occidentalis. Huko Uttar Pradesh, India, watoto waliokula maganda na mbegu zake waliugua ini, misuli na ubongo, na wengi walikufa.

Nataka kutumia sanamaki kupunguza tumbo. Ninywe kiasi gani kwa siku? — Msomaji, Mombasa

Haitapunguza mafuta. Chakula hufyonzwa katika utumbo mdogo, na sanamaki hufanya kazi baadaye, kwenye utumbo mpana. Kinachopungua kwenye mizani ni maji na choo, na hurudi. Chai nyingi za "kupunguza uzito" zina sanamaki hiyohiyo, kwa hiyo soma pakiti.

Kwa kukosa choo, hapo ni dawa inayojulikana vizuri. Mtu mzima hutumia majani makavu kuanzia nusu gramu hadi gramu 2, yakilowekwa katika kikombe cha maji ya moto kwa dakika kama 10, bila kuchemshwa. Maganda ni mapole zaidi: 3 hadi 6 katika mililita 150 za maji ya vuguvugu, kwa saa 6 hadi 12. Kipande cha tangawizi hupunguza msokoto wa tumbo. Kunywa wakati wa kulala, maana viini vyake, senosidi, husubiri kuvunjwa na bakteria wa utumbo mpana na kazi huonekana baada ya saa 6 hadi 12. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaona kimya baada ya saa mbili, wanaongeza kikombe, usiku wanateseka. Mkojo ukiwa mwekundu kidogo usiogope.

Usizidishe wiki moja. Matumizi marefu hupunguza potasiamu, na hilo ni hatari kwa anayetumia digoksini (dawa ya moyo) au dawa za kupunguza maji mwilini. Mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo asinywe kabisa, kwani huenda ni kidole tumbo.

Tumepanda mbegu za mmulimuli shuleni na hazioti. — Mwalimu, Singida

Gamba la nje la kila mbegu ni gumu na halipitishi maji. Kwanza loweka nyama yake na kuisugua mpaka mbegu ziwe safi, kisha zitupe ndani ya maji: zinazoelea na zenye matundu ya wadudu ziondoe. Zilizobaki zikwangue kidogo kwa tupa upande ulio mkabala na kitovu cha mbegu, au mimina maji yaliyoepuliwa jikoni na kuziacha humo kwa saa 24. Zilizovimba zipande siku hiyo, kina cha sentimita moja. Zisizovimba bado zimefungwa, hivyo rudia kuzikwangua.

Tumia viriba virefu, kwa sababu mzizi mkuu hushuka mapema. Ukijikunja chini ya kiriba, mche hudumaa shambani. Hamishieni miche mvua za kwanza zikishalowesha udongo, na iwekeeni uzio dhidi ya mbuzi.