Maswali na Majibu: Shahada ya Uzamili katika Afya ya Jamii na Uraibu

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu masomo haya. Maswali yao nimeyafupisha.

Swali: Mimi ni muuguzi katika wodi ya magonjwa ya akili na ninahudumia waraibu wa pombe kila siku. Shahada hii itanifundisha nini ambacho wodi haijanifundisha?

Wodini unaulizwa kwa nini mtu huyu amefikia hali hii na asaidiwe vipi. Katika afya ya jamii utaulizwa kwa nini jamii nzima inakunywa kiasi inachokunywa, na ni jambo gani lingeshusha kiasi hicho. Mtaalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa magonjwa katika jamii, Geoffrey Rose aliyatenganisha maswali haya mawili katika makala ya mwaka 1985, ambayo ningependa kila mwombaji aisome kabla ya kujaza fomu, kwani chanzo cha mtu mmoja kuugua si lazima kiwe ndicho kinachoifanya jamii moja iwe na wagonjwa wengi kuliko nyingine. Hoja hiyo huzaa jambo linalowashangaza wanafunzi wengi: sehemu kubwa ya madhara ya pombe, hasa ajali na majeraha, huwapata wanywaji wa kawaida ambao hutawaona wodini kamwe, si kwa kuwa kila mmoja wao yumo katika hatari kubwa, bali kwa kuwa ni wengi mno.

Ndiyo maana utasoma sana habari za kodi, bei, saa za mauzo na matangazo. Uskoti, kwa mfano, ilianza Mei 2018 kutoza bei ya chini kabisa ya peni 50 kwa kila kipimo cha pombe. Kuchunguza kama sera ya namna hiyo imeleta nafuu, kwa kutenga athari yake na mambo mengine yaliyobadilika wakati huo huo, ni kazi halisi ya mhitimu wa fani hii. Uzoefu wako wa wodini utakufaa zaidi utakapoandaa hojaji, maana unajua tayari ni swali gani mgonjwa hulikwepa.

Swali: Shahada yangu ya kwanza ni ya sosholojia. Je, nitapokewa?

Kwa kawaida ndiyo. Vyuo vingi hupokea wahitimu wa sosholojia, saikolojia, ustawi wa jamii, sheria na uchumi pamoja na wale wa udaktari na uuguzi, ingawa vingine hudai pia uzoefu wa kazi, kwa hiyo soma masharti ya kila chuo peke yake.

Swali: Ninaogopa takwimu. Je, kuna njia ya kuzikwepa?

Hakuna, na sikushauri utafute programu iliyozipunguza. Mhudumu wa kliniki huelekea kuamini kwamba karibu hakuna mraibu anayepona, kwa sababu waliopona hawarudi kliniki ilhali wasiopona hurudi mara kwa mara, naye huwahesabu hao tu anaowaona. Mtafiti Lee Robins alipowafuatilia askari wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam mwaka 1971, alichagua sampuli, yaani watu wachache wa kuwawakilisha wengine, kutoka miongoni mwa waliorejea kwa jumla, si wagonjwa wa kliniki pekee, na akakuta kwamba wengi wa waliokuwa waraibu wa heroini huko hawakurudia uraibu nyumbani, na wengi wao hawakupata matibabu yoyote. Wataalamu wengi walisita kuyakubali matokeo hayo. Asiyejua sampuli huchaguliwaje hana njia ya kuamua kama wataalamu hao walikuwa na haki ya kushuku.

Hesabu zenyewe hufanywa na kompyuta. Kinachotarajiwa kwako ni kuamua hesabu ipi inafaa na matokeo yake yanaruhusu kusema nini. Fufua asilimia, uwiano na logi za sekondari kabla ya muhula wa kwanza, na hofu yako itapungua sana.

Swali: Nilikuwa mraibu wa heroini na sasa ninatumia methadoni. Je, nilitaje hilo katika maombi?

Hulazimiki kulitaja katika maelezo binafsi, na usikubali kuambiwa kwamba kulinyamaza ni udanganyifu. Kutumia methadoni, dawa inayotolewa kutibu uraibu wa heroini, ni kuwa katika matibabu: madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha matokeo yao ya kwanza kuihusu mwaka 1965, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hata hivyo unyanyapaa upo vyuoni pia, na maombi husomwa na watu usiowajua kisha hubaki katika faili. Litaje iwapo linafafanua swali la utafiti unalotaka kulijibu, kwa sentensi mbili au tatu, kisha urudi kwenye swali lenyewe. Fomu ya afya ni jambo jingine: programu yenye mafunzo ya vitendo hospitalini huenda ikauliza moja kwa moja kuhusu dawa unazotumia, na hapo jibu kwa ukweli baada ya kuuliza taarifa hiyo itaonwa na nani.

Swali: Je, kamari na michezo ya kompyuta vimo?

Vimo. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ulioanza kutumika Januari 2022, unaviweka katika kundi moja na matatizo ya dawa za kulevya. Kuhusu kamari wataalamu wengi wanakubaliana. Kuhusu michezo mabishano yanaendelea, jambo linaloifanya iwe mada nzuri ya tasnifu.

Swali: Programu yangu ni ya mwaka mmoja. Ninataka kuwachunguza watu wanaojidunga dawa za kulevya. Nitawapataje?

Ipo mbinu aliyoieleza mwanasosholojia Douglas Heckathorn mwaka 1997, ambapo washiriki wachache wa mwanzo hupewa kuponi za kuwaalika wenzao, nao huwaalika wengine, na baadaye matokeo hurekebishwa kwa kuzingatia ukubwa wa mtandao wa kila mmoja. Ni mbinu nzuri, lakini inahitaji fedha, ofisi ya kupokelea watu na muda usio nao, hasa ukikumbuka kwamba kamati ya maadili inaweza kuchukua miezi kadhaa kabla ya kukuruhusu uanze. Itakuuliza mambo mazito: ridhaa ya mtu aliyelewa au aliyeshikwa na arosto (mateso ya kukosa dawa) ina uzito gani, malipo yasiyomshawishi kupita kiasi ni kiasi gani, na polisi wakiyataka maandishi yako utafanyaje. Kwa mwaka mmoja ningechagua mahojiano ya kina na watu wachache kupitia huduma inayoaminiwa nao, bila kuandika jina la mtu yeyote, au kuchambua data zilizokwisha kukusanywa. Mweleze msimamizi wako uchaguzi huo mapema, na swali la maadili ulipeleke kwake kabla ya hojaji.