Umeniuliza kwa nini bado napiga magoti

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa Mwaloni, kwenye soko letu la dagaa pale Kirumba, mizani mbele yangu na wateja wanasubiri, nikaona huu si wa kujibu kwa maneno mawili. Umeandika hivi: "Mama, ulikataa kurithiwa, nyumba ni yako, biashara ni yako, humwombi mtu hata chumvi. Sasa mbona Pasaka pale Magu ulimpigia magoti babu, yuleyule aliyetaka kukugawa kwa baba wadogo? Wewe uko huru, au unajifanya?"

Nimelipenda swali lako, hata hilo la mwisho. Baba yako alipofariki mwaka 2009 ulikuwa darasa la tano, na mengi yaliyopita nyuma ya pazia hukuyaona. Sasa umekuwa mtu mzima, nakuambia.

Matanga yalipoanuliwa, wazee walikaa chini ya mwembe, nami nikaitwa nikae mkekani, pembeni kidogo. Babu ndiye aliyezungumza, na alizungumza kwa upole sana. Alisema ukoo haumtupi mtu, watoto wa marehemu wasihangaike kama hawana kwao, na shemeji zangu watatu wapo. Nichague ninayemtaka. Wote watatu walikuwa wamekaa pale wakitazama chini. Wawili wana wake zao. Wa tatu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, na ada yake tulikuwa tukilipa mimi na baba yako. Yule nilimlea, nikimfulia sare zake za shule.

Hapo nilimkumbuka bibi yako mzaa mama. Wazee wa kwetu wakianza kusimulia ujana wao hawakosi kuitaja chagulaga: binti ametoka ngomani au mnadani, vijana wanamzingira, wanamwambia achague mmoja wao. Wanaisimulia kwa fahari, kwamba tazama, Msukuma alimpa binti nafasi ya kuchagua tangu zamani. Bibi yako alizingirwa hivyo akiwa msichana. Aliniambia, "Nilikuwa na ruhusa ya kumtaja yeyote, ila sikuwa na ruhusa ya kusema hakuna." Alilisema akichambua choroko, hata hakuinua kichwa, nami nilikuwa msichana mdogo, sikulielewa. Nililielewa siku ile mkekani.

Basi nikasema hakuna. Nikawashukuru wazee, nikasema nimewasikia, na nimechagua kukaa na wanangu. Shangazi yenu mmoja akasema kwa sauti kwamba nimeshapata mwanaume mjini. Sikumjibu.

Sheria nilikuwa nayo kichwani, kwa sababu msaidizi wa kisheria mmoja alikuja kutufundisha akina mama kanisani mwaka mmoja kabla. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kuishi anakotaka, yuko huru kubaki bila mume, na akitaka kuolewa ataolewa na amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Kwa hiyo mwili wangu hakuna aliyeweza kuugawa. Nyumba ndiyo ilikuwa habari nyingine. Zile sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu katika urithi kama mumewe ameacha ndugu wa ukoo wake. Yeye fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba zinabagua, kisha ikasema mila haibadilishwi kwa hukumu. Wale akina mama hawakuishia hapo, wakafika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imewanyima haki zao. Hiyo 2015, mwanangu. Mimi nilikuwa nahangaika na nyumba ya Igoma miaka sita kabla yake.

Nilijua pia kwamba hapahapa Mwanza, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alimtetea Holaria Pastory, mama wa Kagera aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake alidai mila haimruhusu mwanamke kuuza. Jaji akasema Katiba haikubali ubaguzi huo. Nilitembea na habari ile kama dawa mfukoni. Lakini Holaria alirithi kwa baba, mimi nilikuwa mjane, na kesi ni pesa na miaka.

Tena Mahakama ya Mwanzo ilitaka muhtasari wa kikao cha ukoo unaompendekeza msimamizi wa mirathi. Yaani karatasi ya kuniwezesha kusimama peke yangu ilibidi itoke kwenye ukoo uleule niliowaambia hakuna. Shemeji mkubwa alitaka yeye ndiye awe msimamizi. Nikaanza kwenda Magu. Kila nilipokwenda nilibeba sukari na dagaa, nikapiga magoti mbele ya babu, nikasema shida yangu, nikarudi mjini. Alikuwa ananisikiliza, anasema, "Nimesikia, mayu," yaani mama, basi.

Halafu siku moja akaitisha kikao mwenyewe. Akawaambia wanaume wote pale kwamba alichosema chini ya mwembe alikisema kwa sababu ndicho alichokikuta, na kwamba mali ya marehemu ni watoto wake na yule aliyewazaa. Mtendaji wa kijiji akaandika majina. Babu hajui kuandika, akasogezewa wino, akabonyeza dole gumba kwenye karatasi. Akaitazama ile alama, akasema haikutoka vizuri, kesho mtu atasema si yake, apewe karatasi nyingine. Ikabidi mtendaji aandike upya ukurasa mzima, wanaume wamekaa wanamsubiri. Jioni tulipokula, wino ulikuwa bado umeshika kwenye ukucha wake.

Shemeji mkubwa ndiye mwenye ng'ombe wa kulimia na plau. Mwaka ule hakumlimia babu. Mzee wa umri ule alilimiwa kwa jembe la mkono na vibarua, mbegu zikachelewa kuingia ardhini. Hakunilaumu hata siku moja.

Kwa hiyo mwanangu, yule uliyemwona nikimpigia magoti ni mtu aliyenizuilia njia, halafu akanifungulia mbele za watu, na akalipa kwa kufanya hivyo. Namheshimu kwa njia anayoijua yeye. Shikamoo ya kusimama angeipokea vizuri, najua, kwa sababu ya kwako aliipokea. Ulimwamkia umesimama wima, akaitikia marahaba, akakushika mkono, akakuuliza habari za Dodoma. Kuna mtu aliyekusema? Hakuna. Na hicho ndicho kipimo changu, kama unataka kujua napimaje mambo haya ya mila. Najiuliza, nikisema hapana kitatokea nini? Nikikataa kupiga magoti, sana sana mtu atanuna. Hiyo mila naweza kuishi nayo, tena naipenda, kwa sababu nikiinama nainama mimi. Lakini ile ambayo nikiikataa nakosa nyumba, au watoto wangu, au mtu wa kunizika, hiyo imenishika shingoni, hata ikija na ngoma na vigelegele.

Nikuambie na hili, maana nyie vijana mnauongelea uhuru kama vile unatoka moyoni tu. "Hakuna" yangu ingebaki maneno ya mkekani kama nisingekuwa na dagaa. Nilianza na mtaji wa kikoba, nikinunua kwa akina mama wa Ukara na Kome wanaoanika, nauza Kirumba. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawavui, taa zao hazina kazi kwenye mwanga, kwa hiyo lazima uwe umeweka akiba ya kula siku zile. Masika jua likikosekana dagaa wanavunda, unauza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kulia. Dagaa walioanikwa chini wana mchanga, mnunuzi wa Kongo anachota kiganjani, anasugua, anapuliza, akiona mchanga anaondoka bila kukuaga. Wa kwenye chanja ndio wenye bei. Na nilipotaka kuingiza pesa yangu kwenye mtumbwi, nimiliki mwenyewe, wavuvi wazee waliniambia mwanamke akisogelea nyavu ziwa linakasirika. Nikawauliza, na pesa yake je, ziwa linaikataa? Mmoja akafikiri, akasema pesa haina shida. Sikukanyaga mtumbwi ule hata mara moja, na ulikuwa wangu. Mwiko huo naona haukuwa na maana, ila haukunigharimu chochote, nikauacha. Siku hizi wapo akina mama wenye mitumbwi na wanasimama pwani kuhesabu ndoo zao, na dagaa wanapatikana vilevile.

Kuna jambo lingine ambalo kwenye simu huwa tunalipita. Unasema mimi natetea mila. Siyo zote. Kwetu Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, kisa macho mekundu. Macho yale ni ya moshi. Miti imeisha, mama anapikia samadi na mabua ndani ya kijumba kisicho na dirisha, miaka arobaini, macho yatakuwaje? Shangazi yangu tulimtoa Kwimba usiku tukamleta Mwanza baada ya mtoto mmoja wa jirani kuugua na watu kuanza kunong'ona. Alifia kwangu, kwa uzee wake, unamkumbuka. Watu wengi wakiulizwa husema ile siyo mila yetu, ni uhalifu. Ni uhalifu, sawa. Lakini waganga waliotaja majina ni wa kwetu, na waliowalipa ni wa kwetu, na woga ule tulinyonya na maziwa. Tukisema haituhusu, nani ataiacha? Mimi nataka tuseme ilikuwa yetu, na tumeikataa.

Kuhusu kitenge. Najua ulikasirika nilipokutolea kitenge garini tulipopita Kisesa, uifunike suruali. Nilikupa, sikukufunga. Ungekirudisha kwenye mkoba tungeingia hivyohivyo, na ningekuwa upande wako. Mwaka 1968 vijana wa TANU walitangaza operesheni Dar es Salaam ya kupiga vita mini, wigi na suruali za kubana, kwa jina la utamaduni, na waliodhalilishwa barabarani wengi walikuwa wasichana. Tangu nilipokuwa mdogo nasikia utamaduni ukitajwa kwa hasira pale tu nguo ya mwanamke inapoonekana. Sikumbuki kusikia mzee akimkaripia mwanaume kwa sababu suti si vazi la Msukuma. Kwa hiyo vaa unavyotaka. Mimi pale kwa babu ninavaa kitenge, na sokoni kwenye matope navaa suruali ya marehemu baba yako, nimeikata miguu.

Kitu kimoja tu nakubana nacho, na sitaomba radhi: nenda msibani. Umeniambia pale unapoishi jirani alifiwa ukajua baada ya wiki, kwa kuona maturubai yanashushwa. Hilo lilinisumbua kuliko yote uliyoandika. Kijijini najua mambo yamezidi, asiyekwenda msibani anapigwa faini, anatengwa, hata moto haombi kwa jirani, na hilo nimelipinga kikaoni kwa mdomo wangu, kwa sababu kumtenga mtu na maji na moto ni kumwua polepole. Ila kukaa na mfiwa, kubeba ndoo ya maji, kulala chini kwenye turubai na wanawake usiowajua, hakuna sheria wala ofisi itakayokufanyia. Baba yako alipokufa, akina mama wa mtaa wa Igoma, Wakerewe, Wahaya, Wajita, hawakuuliza mimi ni wa ukoo gani. Walipika, wakaosha vyombo, wakawaogesha ninyi. Wewe ulilala mapajani kwa mama mmoja muuza karanga ambaye mpaka leo sijui jina lake la ubatizo.

Sasa la kijana wako. Umesema hutaki mahari kwa sababu hutaki kuuzwa. Sheria ileile ya 1971 inasema ndoa ni halali hata kama mahari haikutolewa, kwa hiyo ukikataa kabisa, ndoa yako ni ndoa. Mimi binafsi ningependa wazee wake waje, wakae, walete hata ng'ombe mmoja, watu wajuane sura. Lakini sitaki mahesabu ya ng'ombe wa digrii, hayo nimewaambia baba zako wadogo waziwazi, na yule mdogo, niliyemfulia sare, ndiye aliyeniunga mkono.

Na nimemwambia babu kwamba siku hiyo wewe hutakuwa jikoni. Utakaa kikaoni, kwenye kiti, utaulizwa mbele ya wote, na ukisema hakuna, wageni watakula chakula chao na kurudi kwao kwa heshima. Amesema jambo hilo hajawahi kuliona. Amesema anafikiri. Jumapili nampelekea dagaa, nitamuuliza amefikia wapi, halafu nitakupigia.

Mama yako
Igoma, Mwanza