Sabufa inakoroma: punguza geini kwanza

Pole kaka. Umesema sabufa (spika ya besi) ya gari lako inakoroma ukipandisha sauti, koili moja (waya uliosokotwa ndani ya spika) imeshaungua, na fundi alikufungulia geini hadi mwisho "ili ipige". Hapo ndipo ulipoumizwa. Geini si sauti. Kazi yake ni kuoanisha amplifaya na nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye redio. Ukizidisha, amplifaya inakata vichwa vya mawimbi, na koili inapata joto isiloweza kulitoa.

Amplifaya yako umesema ni wati 300 RMS (nguvu ya kuendelea, si ya kilele) kwa omu 4, yaani ukinzani wa sabufa. Zidisha 300 kwa 4, upate 1200. Kipeuo chake cha pili ni karibu 34.6. Hizo ndizo volti unazozitafuta.

Chomoa waya za sabufa kwenye amplifaya. Zima besi busti (kiongeza besi), rudisha ekwalaiza sifuri, geini ishushe kabisa. Washa injini, weka redio robo tatu ya sauti yake, kisha piga toni ya hezi 50 iliyorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa (0 dB). Mita ya umeme iwe kwenye volti za AC, ncha zake kwenye matundu ya spika. Zungusha geini kwa bisibisi, polepole mno, maana kugusa kidogo tu namba inaruka. Ikifika 34 acha. Zima kila kitu ndipo urudishe waya.

Mimi huishia 30 hivi, kwa sababu besi busti ikiguswa baadaye hesabu yote inavurugika. Kama sabufa yenyewe inabeba chini ya wati 300 RMS, tumia wati zake kwenye hesabu.