Shilingi 17,000 na miezi kumi na sita ya kungoja

Mwaka 2022 nilipata kazi tatu za mkataba za kukusanya data: moja Siaya, moja Busia, moja Kakamega. Ni kazi ambayo wengi wetu huku Kisumu tunaijua. Unapewa tableti, fulana na orodha ya vijiji, halafu wiki kadhaa unatembea boma hadi boma ukiuliza watu idadi ya kuku wao na umbali wa kisima. Malipo yote yalifika shilingi 340,000, na kila mlipaji alinikata asilimia 5 kabla ya kunitumia changu. Siaya walikata 6,000, Busia 7,000, Kakamega 4,000. Jumla 17,000.

Makato hayo ndiyo kodi ya zuio. Watu wengi hudhani ikishakatwa imeenda, basi. Sivyo. Kwa kazi kama yetu, ile asilimia 5 ni malipo ya mapema tu; hesabu kamili hufanywa unapojaza ritani ya mwaka, yaani maelezo ya mapato yako kwa KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Mimi nilikuwa na gharama za 78,000, yaani nauli, malazi na bando, zote zikiwa na risiti. Ukiziondoa, nilibaki na 262,000. Kodi ya kiwango hicho ni asilimia 10, ambayo ni 26,200, na kila mkazi wa Kenya ana nafuu ya kibinafsi ya shilingi 28,800 kwa mwaka, inayopunguzwa kwenye kodi yenyewe. Kwa hiyo sikudaiwa chochote, na zile 17,000 zilikuwa zangu.

Nilijaza ritani Mei 2023, na wiki hiyo hiyo nikaomba kurudishiwa. Pesa ya kwanza niliiona Septemba 2024. Ninaandika haya kwa sababu sehemu kubwa ya miezi hiyo kumi na sita haikuwa lazima, na najua kuna mtu Nakuru au Bungoma ambaye sasa hivi anafungua simu kila asubuhi akitafuta ujumbe wa benki.

Nianze na lililoniuma zaidi, ambalo halihusu makaratasi. Mama yangu anaishi karibu na Yala, na paa la nyumba yake lilikuwa limetoboka upande wa chumba cha kulala. Mara tu nilipobonyeza kitufe cha kutuma ombi, nilimpigia simu nikamwambia mabati yamepatikana. Kisha nikaenda kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Luanda, tukakubaliana anipe mabati ya geji 30 kwa mkopo, nimlipe kufikia Krismasi. Alinipa nusu, nusu nyingine akasema nitaichukua nikileta pesa. Krismasi ikapita. Masika ya 2024 yakaja na nyumba ina paa jipya upande mmoja tu.

Nililala kwake usiku mmoja wa Aprili. Mvua ilianza kama saa nane. Nilimsikia akiamka polepole bila kuwasha taa, akaweka sufuria mahali pake, karai mahali pake, akahamisha gunia la unga na kuliweka juu ya kiti. Alijua gizani kila tone linaangukia wapi. Hakuniambia neno. Asubuhi nilipoanza kuomba msamaha akanikata: "Mwanangu, kwani hiyo serikali ni wewe?" Nilirudi Kisumu nimejaa aibu, kwa sababu ahadi ile haikutolewa na serikali. Niliitoa mimi, kwa pesa ambayo sikuwa nayo mkononi.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote: usiahidi pesa ya kodi, usiikopee, usiiweke kwenye bajeti ya karo. Ukiwa kwenye chama, usiitaje kwenye mkutano. Ikija, itakuta kazi.

Sasa tuje kwenye sababu. Mwisho wa Aprili nilichukua kitambulisho, vocha zangu za malipo na namba ya ombi, nikaenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Afisa aliyenihudumia alikuwa dada mtulivu. Alifungua akaunti yangu ya iTax, mfumo wa KRA wa kodi mtandaoni, akasoma kidogo, akauliza, "Barua tulizokutumia umezijibu?" Nikamwambia sijaona barua yoyote. Akageuza skrini nami nikaona mwenyewe: barua mbili, zote zikiomba cheti cha makato ya Busia, zimetumwa kwa anwani ya barua pepe ambayo si yangu. Ilianza na jina la saiba moja ya Kondele iliyofungwa zamani. Nilipofunguliwa PIN, yaani namba ya mlipa kodi, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo, kijana wa saiba alitumia anwani ya duka lake ili kazi iende haraka, nami nikalipa, nikachukua karatasi yangu na kwenda zangu.

Ombi langu halikuwa limepotea wala halikuwa limekataliwa. Lilikuwa limesimama likingoja jibu langu, na mimi nilikuwa nyumbani nikilingoja lenyewe.

Ukisoma hapa ukaacha mengine yote, fanya hili moja leo. Ingia kwenye iTax, fungua wasifu wako, soma barua pepe na namba ya simu iliyoandikwa pale, kwa sauti, herufi kwa herufi. Kama huwezi kuingia kwa sababu neno la siri linatumwa kwa anwani usiyoijua, hilo nalo ni jibu. Nenda na kitambulisho ubadilishiwe. Angalia pia akaunti ya benki uliyojaza kwenye ombi. Jina la akaunti na jina la PIN yawe ni ya mtu mmoja, yaandikwe vile vile. Waliobadilisha jina baada ya ndoa na wakabadilisha upande mmoja tu, hapa hukwama.

Kosa la pili lilikuwa kwenye ritani yenyewe. Siaya na Kakamega walikuwa wamenitumia vyeti vya kodi ya zuio, vyenye namba. Busia walinipa vocha tu, inayoonyesha wamekata 7,000. Kijana aliyenijazia aliandika namba ya vocha mahali pa namba ya cheti, nami sikuona tofauti. Tofauti ni kubwa. Vocha inasema mlipaji alikukata. Cheti kinasema alichokata kimesajiliwa kwa jina lako. KRA haiwezi kukurudishia pesa ambayo haijaipokea kwa PIN yako, hata ukilia kaunta nzima ikasikia.

Wakati ule mlipaji alitakiwa kuwasilisha makato kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tangu Julai 2023 ni siku tano za kazi baada ya kukata. Kwa hiyo usingoje Juni ya mwaka unaofuata ndipo uulize cheti. Uliza wiki mbili baada ya kulipwa, wakati mradi bado una ofisi, afisa wa fedha bado ana mkataba na gari la mradi bado linapita barabarani. Mimi niliuliza miezi kumi na minane baadaye. Nilipanda matatu Kisumu, nikapita Maseno, Luanda, Yala na Ugunja hadi Busia, nikakuta ofisi imekuwa duka la magodoro.

Niliwapata kwa barua, iliyopitia kwa msimamizi wetu wa zamani hadi makao yao makuu. Simu nilizopiga kabla ya hapo ziliishia kwenye "tutaangalia". Barua ilikuwa na mistari michache tu, na naamini ufupi wake ndio uliofanya ijibiwe. Nilitaja jina langu na PIN, namba ya mkataba, tarehe ya malipo, kiasi kamili cha 140,000 na makato ya 7,000, kisha nikaandika: "Naomba mnitumie cheti cha makato haya. Kama hayajawasilishwa, naomba mnijulishe yatawasilishwa lini, kwa kuwa kisheria kodi iliyokatwa ni jukumu la aliyeikata." Niliambatisha vocha. Sikumtukana mtu. Nakala niliihifadhi, pamoja na tarehe niliyoituma.

Wakati barua hiyo inazunguka, yule dada wa kaunta alikuwa amenipa ushauri ambao naupitisha kwenu kama alivyonipa: usiache 10,000 iliyo safi ingojee 7,000 yenye matatizo. Nilirekebisha ritani, nikaondoa makato ya Busia, nikaomba upya 10,000 kwa vyeti viwili nilivyokuwa navyo. Hiyo ndiyo iliyolipwa Septemba. Ya Busia sikuiacha. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inakupa miaka mitano tangu ulipolipa kodi ya mapato kuomba urudishiwe iliyozidi, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuirudia baadaye. Wengi hukata tamaa mwaka wa kwanza bila kujua kwamba mlango bado uko wazi.

Kuhusu muda wa uamuzi: zamani sheria ilitoa siku 90 za kuamua ombi. Tangu Julai 2025 ni siku 120, na 180 kama ombi limechaguliwa kukaguliwa. Ziandike kwenye kalenda, na uzihesabu tangu siku uliyotuma ombi lililokamilika. Usihesabu tangu siku uliyoanza kuwa na matumaini. Siku zikipita, peleka swali kwa maandishi ukitaja namba ya ombi. Ukipata uamuzi wa kukataliwa, una siku 30 za kuupinga, na hizo hazingoji mtu. Kama huhitaji pesa taslimu na unajua mwaka ujao utakuwa na kodi ya kulipa, unaweza kuomba kiasi hicho kikatwe kwenye kodi yako ijayo. Kwa mwenye biashara inayoendelea, naona hiyo ni njia nzuri kuliko kungoja. Kwangu mimi ninayeishi kwa mikataba, sikujua kama mwaka ujao ungekuwa na kazi, kwa hiyo niliomba pesa.

Jingine la kuangaliwa mapema ni majukumu ya kodi uliyosajiliwa. Rafiki yangu mmoja wa Kakamega aligundua kwamba PIN yake ilikuwa imewekewa kodi ya mauzo, naye hajawahi kuuza hata nyanya. Miezi yote ambayo hakujaza ritani ya kodi hiyo ilikuwa imezaa faini, na pesa yako ya kurudishiwa inaweza kukatwa kulipia deni kama hilo. Ilibidi kwanza jukumu hilo lifutwe. Wewe fungua wasifu uone umesajiliwa kwa kodi zipi.

Na risiti. Mimi nilipita na risiti za kawaida kwa sababu ulikuwa mwaka 2022. Tangu Januari 2024 gharama inatakiwa iwe na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ndipo ikubaliwe. Nyumba ya kulala wageni ikikuandikia kwenye karatasi ya daftari, hiyo ni gharama uliyoibeba mwenyewe. Omba ankara ukiwa bado umeshika pesa mkononi. Ukishalipa, hakuna anayekusikiliza.

Katika kipindi hicho cha kungoja nilipigiwa simu na mtu aliyejiita wakala. Alisema anaweza kusukuma faili yangu kwa shilingi 1,500 tu. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilifungua M-Pesa. Kilichonizuia ni kwamba aliniuliza namba ya ombi langu ilhali alidai faili iko mbele yake. Kuomba kurudishiwa kodi hakuna ada. Anayetaka pesa ili akuletee pesa yako anataka hiyo ndogo uliyobaki nayo. Jumbe zenye viungo vya "thibitisha akaunti upokee marejesho" nazo zifute bila kuzifungua.

Ujumbe wa benki wa zile 10,000 ulinikuta soko la Kibuye nikichagua omena. Niliusoma mara tatu, nikamwomba mama muuzaji aniwekee mzigo, nikapanda matatu ya Luanda bila hata kurudi nyumbani. Mzee wa duka alinisomea deni kutoka daftarini, nikamlipa, akanifungia mabati yaliyobaki. Fundi alimaliza kazi siku mbili baadaye, kabla ya mvua za vuli. Zile 7,000 zilikuja mwaka uliofuata, baada ya Busia kutuma cheti, mimi kurekebisha ritani tena na kuomba tena. Hizo sikumwambia mtu hadi zilipoingia.

Juzi kijana mmoja tuliyefanya naye kazi Siaya alinipigia akilalamika kwamba ombi lake lina miezi minane na hakuna neno. Nilimwambia asikate simu, afungue iTax tukiwa tunaongea, aende kwenye wasifu, anisomee barua pepe iliyoandikwa pale. Akasoma. Nikamuuliza ni ya nani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, hii siijui."