Jibu: Hesabu za SAT, muda unaniishia
Habari yako jirani wa Kondele. Umesema hesabu ya KCSE uliipita vizuri, ila kwenye mazoezi ya SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vikuu vya Marekani, muda unakuishia ukiwa bado na maswali sita saba. Vijana ninaowasaidia hapa Kisumu shida yao huwa ni hiyohiyo: mnaandika kila hatua kana kwamba kuna mtu atawapa alama za njia. Kwenye SAT hakuna. Ni maswali 22 kwa dakika 35, mara mbili.

Kwanza fungua daftari lako uone. Swali kama x² − 5x − 24 = 0, tafuta x iliyo chanya, machaguo ni 3, 6, 8 na 12. Ukijaza nusu ukurasa, dakika zako zinapotelea hapo. Weka 8 mahali pa x: 64 − 40 − 24 ni sifuri, songa mbele. Na hiyo 3 haikuwekwa bure, inamngoja anayechanganya alama za kutoa na kujumlisha. Ukikosa swali, andika mtego uliokunasa, si jibu sahihi tu.

Usiache pengo, ukibahatisha ukakosea hukatwi alama. Lakini karibu robo ya maswali hayana machaguo, kwa hivyo aljebra usiitupe.

Kikokotoo cha grafu kimo ndani ya Bluebook, programu ya kufanyia mtihani wenyewe, na humo kuna mitihani ya mazoezi ya bure. Vitabu vya mtumba kagua mwaka kwanza: nje ya Marekani SAT ilihamia kompyuta 2023.