Kupunguza uzito wa magurudumu ya baiskeli ya gia kwa hela ndogo: anza na tairi, ringi baadaye

Mkuu, salamu kutoka Mbeya. Umesema unakaa Ipogolo, Iringa, una baiskeli ya gia ya mtumba, inchi 26, breki za V (zile zinazobana ringi), na kila siku unapanda nayo mjini hadi Kihesa. Una laki mbili na nusu na unataka ringi nyepesi, hata za inchi 29 umezitaja. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa pale pale ulipo, na jibu nililipata kwa hela yangu, nyingine ikapotea njiani. Nakuandikia kwa kirefu ili ya kwako isipotee.

Usianze na ringi. Anza na tairi na tyubu, ringi zifuate kama hela itabaki.

Kabla hujanunua chochote, pima. Mke wangu anaoka keki za kuuza, ana mizani ya kidijitali inayosoma mpaka kilo 5. Nilifungua magurudumu yote mawili, nikapima kitu kimoja kimoja na kuandika kwenye daftari. Gurudumu la mbele likiwa tupu, yaani ringi, spoku na habu (ile ya katikati inayozunguka kwenye ekseli) tu, gramu 1,150. La nyuma tupu 1,350. Friwili ya gia saba, yale meno ya nyuma, 480. Tairi moja 860. Tyubu moja 215. Ile mikanda ya mpira inayofunika vichwa vya spoku, yote miwili, 50. Ukijumlisha unapata gramu 5,180.

Sasa tazama hesabu hiyo vizuri. Tairi mbili na tyubu mbili peke yake ni gramu 2,150, zaidi ya kilo mbili, na mimi siku zote nilikuwa nalaumu habu kwa sababu ndiyo inayoonekana nene ukiishika mkononi. Tena uzito wa tairi umekaa mbali kabisa na ekseli. Baiskeli inapochomoka kutoka kusimama, gramu iliyoko ukingoni mwa gurudumu inasukumwa mbele na wakati huo huo inazungushwa, kwa hiyo mguu wako unailipia karibu mara mbili. Gramu iliyoko kwenye habu unailipia mara moja tu.

Lakini nisikudanganye, maana jambo hili watu wanalitia chumvi sana. Hiyo mara mbili ni pale unapoongeza mwendo. Ukiwa kwenye mlima mrefu unakanyaga kwa mwendo mmoja, gramu ni gramu, iwe kwenye tairi, kwenye fremu au kwenye chupa ya maji. Mimi nina kilo 68, baiskeli na maji karibu kilo 16 na nusu. Nilipunguza gramu 1,450 kwa jumla, hiyo ni kama asilimia 1.7 ya mzigo wote. Mlima mkali wa saa moja unaniokolea dakika moja hivi. Ukitaka zaidi ya hapo, hakuna ringi itakayokupa. Unapoona faida kweli ni kwenye njia ya kukatika katika. Ile njia ya mawe ya kupanda Loleza kuelekea kwenye minara, kila baada ya hatua chache unasimama, unakwepa jiwe, unachomoka tena. Kule nilihisi tofauti siku ya kwanza kabisa.

Tairi. Yale mazito yana waya wa chuma kwenye ukingo unaokaa ndani ya ringi, huwezi kuyakunja. Mepesi yana nyuzi za aramidi badala ya waya, yanakunjika kama shati. Ukienda kwenye marobota ya mtumba jaribu tu kukunja, utajua. Nilipata mawili ya 2.1, yaliyotumika kidogo, meno bado yapo, kwa 45,000 kila moja, Mwanjelwa, baada ya kuzunguka Jumamosi tatu. Kila moja lina gramu 560. Gramu 600 zimeondoka kwa 90,000, yaani shilingi 150 kwa gramu. Na uzito ni nusu tu ya faida. Ubavu wa tairi zuri umefumwa kwa nyuzi nyembamba nyingi, ni laini, unalala juu ya kokoto badala ya kurushwa nalo. Pembeni mara nyingi kuna namba ya TPI, yaani nyuzi ngapi kwa inchi; tairi la bei rahisi lina 27 au 30, lililo bora lina 60 kwenda juu. Kwenye changarawe ulaini huo naona umenisaidia kuliko hata zile gramu.

Angalia namba, tafadhali. Baiskeli yako inachukua tairi lenye 559 ubavuni, kwa mfano 54-559; hizo 559 ni milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye ringi. Baiskeli za mjini zinazotoka Japani, zile zenye kikapu, nazo huandikwa inchi 26, lakini nyingi ni 26 x 1 3/8, ambayo ni 590. Halikai kwenye ringi yako hata ulipige nyundo. Kijana wa jirani yangu alinunua mawili, muuzaji akamwambia 26 ni 26. Ukiona sehemu kama 1 3/8, weka chini. Ukiona desimali kama 1.95 au 2.10, hapo endelea kuulizia. Ringi za 29 ulizotaja zisahau kwa fremu hiyo. Ni 622, ukingo wake unapanda zaidi ya sentimita 3 juu ya wako, mipira ya breki za V haitaufikia, na huenda tairi lisipite kwenye fremu.

Tyubu ni rahisi: badala ya 215 nilinunua za gramu 135, 12,000 kila moja. Shilingi 150 kwa gramu pia. Zipo za plastiki ya TPU, nyepesi mno, lakini kiraka cha kawaida na solusheni yetu havishiki, zinataka kiraka chake, na baadhi ya watengenezaji wanazikataza kwa breki zinazobana ringi kwa sababu ya joto la kuteremka. Kwa sisi wa milimani tulio na breki za V, sizipendekezi.

Hapa lazima nikutofautishe na mimi. Huku kwetu, ukielekea Tukuyu, shida ni mvua na utelezi, miba si tatizo. Iringa ni kukavu, kuna migunga, na ukienda pori la kuelekea Kalenga unajua mwenyewe. Mimi nilishuka Usangu mara moja na tairi zangu nyepesi na tyubu nyembamba, mpaka nafika Igawa nilikuwa na pancha nne na viraka vimeisha. Kwa hiyo wewe chukua tairi la kukunjika lakini si lile jembamba kuliko yote. La gramu 600 hadi 650 linakutosha. Na tyubu yenye valvu ya kufunguka kichwa itakuwezesha kumimina dawa ya pancha, ile ya maji maji. Itarudisha gramu 50 au 60 kila gurudumu. Zirudishe kwa moyo mkunjufu. Kusukuma baiskeli juani ni kuzito kuliko gramu hizo.

Sasa ringi, na hela yangu iliyopotea. Mara ya kwanza nilinunua ringi nyepesi ya alumini peke yake, nikampelekea fundi aisuke kwenye habu yangu ya zamani. Hakuwa na spoku za urefu sahihi, akaokoteza za baiskeli mbili tofauti. Gurudumu lilizunguka limenyooka kabisa, nikafurahi, nikalipa. Sikujua kwamba baadhi ya spoku zilikuwa fupi na zimeshika nati, kile kikofia cha kukazia spoku kwenye ringi, kwa nyuzi chache tu. Wiki ya pili nilikuwa nateremka Kawetere nikitokea upande wa Chunya, kona moja nikasikia tang, tang, tang. Spoku tatu zimechomoka, ringi imepinda nane, inakwama kwenye breki. Nilikuwa kwenye mwendo. Mungu alisaidia sikuanguka. Nilitembea mpaka nikapata lori la mbao.

Tangu hapo siingii dukani bila kujua urefu wa spoku. Gurudumu la nyuma upande wa gia huchukua spoku fupi kidogo kuliko upande wa pili, mara nyingi kwa milimita 2 hivi, kwa sababu gia zinachukua nafasi upande huo, hivyo ringi haikai katikati ya pande mbili za habu. Fundi akikuambia zote ni sawa, muulize tena kwa adabu. Ikimalizika, ncha ya spoku inatakiwa ifike mpaka kwenye kichwa cha nati. Ziguse kwa kidole kama nyuzi za zeze: za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Kisha zibane kwa mikono, spoku mbili mbili zinazokwenda sambamba, kuzunguka gurudumu zima, kwa nguvu. Zitalia. Ni kujikaza mahali pake hapo, heri zijikaze mikononi mwako kuliko Kawetere. Halafu fundi asawazishe upya.

Mara ya pili sikusuka. Nilinunua jozi kamili ya mtumba, ringi za alumini zenye kuta mbili, spoku 32 kila moja, habu ya kaseti nyuma, yaani meno ya gia yanachomekwa juu ya habu badala ya kufungwa kwa nyuzi kama friwili. Mbele gramu 880, nyuma 1,080. Nililipa 130,000. Mambo niliyokagua: upana wa habu, mbele milimita 100 na nyuma 135, maana ya nyuma ya baiskeli za mbio za kizamani mara nyingi ni 130 au 126. Ringi iwe na ukuta laini wa kubanwa na breki. Ringi nyingi za breki za diski hazina. Pitisha kidole kwenye ukuta huo: ukihisi umebonyea kama kijiko, breki zimeshaula, utapasuka siku una presha kubwa. Angalia kila tundu la spoku kama kuna ufa mdogo. Zungusha ekseli kwa vidole, ikikwaruza gololi na vikombe vimeisha.

Kaseti ndiyo iliyonipa nguvu, achilia mbali uzito. Kwenye habu ya friwili, gololi za upande wa gia ziko mbali na fremu, ekseli inabaki bila msaada na inapinda, hasa ukibeba mzigo. Habu ya kaseti gololi zake zimesogea nje zaidi. Kaseti ya gia saba nilipata kwa 35,000, gramu 330, na kwa kuwa habu yangu ni ya gia nane, niliweka pete nyembamba ya kujazia nafasi, milimita 4.5, nyuma yake. Hivyo sikubadilisha kigeuzi cha gia. Fundi alichukua 20,000.

Hapo nimetumia 185,000 kupunguza gramu 690, yaani kama shilingi 268 kwa gramu. Karibu mara mbili ya bei ya tairi. Ndiyo maana nakuambia anza na tairi.

Watu watakuambia ununue pia spoku zilizokondeshwa katikati. Zinaokoa kama gramu 60 kwa magurudumu yote mawili, na ni nzuri kweli kwa sababu zinanyumbuka kidogo badala ya kukatika, lakini usibomoe gurudumu zima kwa ajili yake. Nati za alumini ziache kabisa. Utaokoa gramu 40, halafu matope na vumbi vitazigandisha kwenye spoku, siku ya kunyoosha ringi zitavunjika. Shaba nyeupe ya kawaida inatosha.

Kwa laki mbili na nusu yako: tairi na tyubu zikuchukulie kama 115,000, panda nazo mwezi mzima kutoka Ipogolo. Ile 135,000 iliyobaki ifiche mpaka uone jozi nzima iliyo sawa, na uwe tayari kuongeza hela ya kaseti. Ukiipata, panda nayo kilomita 50 hivi za kwanza taratibu, kisha mrudishie fundi akaze tena spoku kabla hujateremka mlima wowote kwa kasi.